Mama Hakukubali Kuwa Mgeni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na wale mapacha ambao naambiwa siku hizi hawatembei, wanakimbia tu. Mimi sijambo, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Nakuandikia nikiwa kibarazani, nje ya chumba ulichotuwekea hapa hotelini. Mama amejinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana, nami nimepata nafasi.

Kwanza nikushukuru. Wazo lako lilikuwa jema: mama aliyefua na kupiga pasi shuka za hoteli hii miaka ishirini na sita, naye aje walau wiki moja azilalie. Usingepatambua. Zile nyumba za mawe zimebaki, na mashamba bado yanaonekana hadi kule vilimani, lakini sasa kila chumba kina bustani yake, na ukitaka chai unabonyeza kitufe, inafika hata hujakaa vizuri. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kuuliza unapenda mto wa aina gani. Nilimjibu wa kulalia, akacheka hadi akaangusha daftari.

Lakini mdogo wangu, mama hakukubali kuwa mgeni. Tulipofika mlango wa mbele, dada wa mapokezi alitujia na juisi na taulo za baridi. Mama akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba tutafukuzwa, kisha akaizunguka nyumba kwa mwendo ambao sijauona miguuni mwake siku nyingi, moja kwa moja hadi mlango wa nyuma. Chumbani hakutaka hata kukikalia kitanda. Asubuhi nilitoka kuoga nikakuta amevua shuka zote, amezifunga furushi, anangoja toroli lije.

Siku ya tatu msimamizi wa dobi alisikia habari zetu, akaja. Ni mwanamke mtu mzima sasa, lakini kazi alifundishwa na mama, enzi hizo akiwa msichana. Alipomwona machozi yalimtoka. Mama hakumkumbuka, ila aliitazama kola yake akamwambia imepigwa pasi ovyo. Yule msimamizi akaniomba kwa adabu amchukue mama akae nao chumba cha kufulia. Niliruhusu. Usinikasirikie.

Laiti ungemwona mle ndani, katikati ya mvuke! Mikono haikutetemeka hata kidogo. Foronya alizikunja kona kwa kona, akawatania wenzake, akaimba. Nilimwona mtu ambaye nilikuwa nimeanza kumsahau.

Jana nilisimama upande wa pili wa meza, tukikunja shuka pamoja. Aliniuliza kama mimi ni mgeni kazini, nikasema ndiyo. Akanieleza kwamba ana mtoto mmoja, msichana wa miaka saba, anamwacha kwa jirani. Akasema hana matata kabisa, hata akichelewa kumfuata halii, anakaa tu dirishani. Halafu akashusha sauti: "Nikijaliwa mwingine, atakuwa mwenzake. Mtoto hafai kungoja peke yake."

Unaelewa? Kule aliko mama, wewe hujazaliwa bado. Nami niko dirishani. Tena siku zile nilikuwa nalia, mdogo wangu. Nilikuwa nafuta uso nikisikia hatua zake.

Nikamwambia, "Nenda nyumbani, mama. Zilizobaki nitamalizia mimi."

Alinipa mkono, kama wafanyakazi wanavyoagana, akavua aproni akatoka. Nilimfuata kwa mbali. Alikwenda hadi getini, akakaa kwenye benchi wanapongojea gari la wafanyakazi, mkoba mapajani. Nikaketi kando yake. Hakuniuliza mimi ni nani. Tulikaa hivyo hadi akasinzia begani kwangu.

Sasa nikuambie nililolificha. Nilikuandikia kwamba mama anasahau funguo, anasahau siku. Sikukuambia lingine. Tangu mwaka juzi, kila niliposema mama anakuulizia, mama anakuombea, mama anasema uvae sweta, nilikuwa natunga mimi. Jina lako halijamtoka mdomoni muda wote huo. Niliogopa ungeacha kuandika. Mara ya mwisho nilipomwonyesha picha yako, aliishika muda mrefu, akasema, "Kijana mzuri. Mama yake ana bahati." Hilo ndilo neno la kweli nililonalo kwako kutoka kwake, nikalificha, kwa sababu sikujua ningeliandikaje.

Njoo. Usije ukitaraji kukumbukwa, lakini njoo. Msimamizi amesema hata wiki hii ikiisha nimlete kila Jumanne. Utasimama upande wa pili wa meza, atakufundisha kukunja, na ukikosea atakusema.

Msalimie wifi, nibusie mapacha. Salamu za mama safari hii sina. Pokea zangu.

Ni mimi dada yako.