Nilipiga Mwano kwa Utani, Sasa Ufunguo wa Gari Umezuiwa

Mpendwa mshauri Mama Raudha,

Naomba msaada, na usizoee, maana mimi si mtu wa kuombaomba, watoto wangu nimewalea kwa jembe na ng'ombe na hakuna aliyewahi kugonga mlango wa jirani akitafuta ugali. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, nilisoma ngumbaru, herufi zangu ni kubwa lakini zinasomeka, kwa hiyo usije ukasema gazetini kwamba hukuelewa.

Mimi ni Bibi Melania wa hapa Ibadakuli. Niliuza ng'ombe nikanunua gari, dogo tu, lililotumika, lakini ni langu, na nililinunua kwa sababu moja, mkamwana wangu Violeth, mke wa mwanangu Ngassa, ana mimba kubwa, na mimba iliyopita alipelekwa hospitali kwa pikipiki akachelewa, almanusura tumpoteze, ndipo nikaapa kwamba safari hii haendi kujifungua huku amemshika kiuno mtu wa bodaboda.

Aliyeniuzia ni Yasini, mwenye yadi ya magari pale mjini. Kijana mpole, kofia kichwani, Kiswahili kitamu, kila neno linaanza na "mama yangu", nikasema moyoni huyu ni Mzaramo tu, hawezi kuwa kitu kingine, na unajua Mzaramo na Msukuma ni watani, tunatukanana mpaka msibani na hakuna anayenuna. Sasa siku ya kukabidhiwa gari akanipa ufunguo mmoja. Nikamuuliza, na wa pili? Akasema, "Mama yangu, wa pili nimeusahau nyumbani, kesho nakuletea." Mimi nikaona hapo utani umejileta wenyewe, nikamwambia, "Mzaramo wewe! Mchana mnauza mnazi, jioni mnauza kivuli chake! Mimi umeniuzia gari leo, ufunguo unataka kuniuzia kesho!" Akatabasamu kidogo. Hilo tabasamu ndilo lililoniponza, nikadhani anataka niongeze, basi nikaweka mikono kichwani katikati ya yadi nikapiga mwano.

Kama wewe si mtu wa huku, mwano ni lile yowe la sungusungu la kuita watu ng'ombe wakiibiwa, mwanamume akilisikia anatoka na fimbo, asiyetoka anatozwa faini. Na mjini pale Wasukuma wamejaa kama nzige. Wakaja vijana wa bodaboda, wakaja wachoma mahindi, na fundi mmoja akatokea chini ya gari na spana mkononi, "Mwizi yuko wapi, mayu?", yaani mama, nami huku nacheka nikamnyooshea Yasini kidole, "Huyu hapa!" Hawakumgusa, niliwaambia upesi kwamba ni utani, lakini kulikuwa na mteja wa Maganzo, mfanyabiashara wa almasi, ameshakaa ndani ya gari anajaribu usukani, huyo alishuka akaondoka bila hata kuaga.

Ndipo Yasini akaniambia polepole, "Mama, mimi Mmanyema wa Ujiji. Uzaramo hata njia ya kwendea siijui."

Nikamwambia Ngassa, niliyekuja naye aliendeshe, washa gari twende.

Tangu hapo ufunguo hauji. Ngassa alipompigia alijibiwa, "Ufunguo wa mama upo hapa mezani kwangu. Lakini jina langu aliliangusha yadini mbele ya watu. Aje aliokote hapahapa, mbele ya watu walewale." Yaani mimi, mwenye wajukuu wenye ndevu, nisimame kati ya bodaboda nimwombe radhi kijana kwa sababu ya kofia yake! Nikamnyang'anya Ngassa simu, nikamwambia Yasini kwamba anayezuia ufunguo wa mtu ndiye mwizi hasa, nikakata.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Ngassa ananunua mpunga Segese, majuzi akaenda huko kwa pikipiki ya mwenzake, ufunguo wa gari akausahau mfukoni mwake. Amekwisha fika mbali, Violeth akashikwa na tumbo. Gari limesimama uani linang'aa kama bwana harusi na hatuwezi kufungua hata mlango. Jirani yetu Adam ni dereva mzuri, akaja mbio, akabaki analizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Bahati ulikuwa uchungu wa uongo, ukatulia. Violeth hakunilaumu. Alilitazama lile gari akasema, "Mama, gari zuri," akaingia ndani. Neno hilo halijaniacha nikala vizuri mpaka leo.

Fundi anasema ufunguo wa gari hili hauchongwi kama wa kufuli, una kitu ndani kinachoongea na gari, mpaka kiagizwe Dar, na mtoto hangoji mzigo wa Dar. Je, nimpeleke Yasini polisi? Nimwitie sungusungu wa kweli? Au kuna njia ya kupata ufunguo wangu bila kujishusha? Jibu upesi, na usinijibu kwa maneno mengi.

Bibi Melania, Ibadakuli

MAMA RAUDHA ANAJIBU

Bibi Melania, shikamoo. Nimekuamkia, sasa kaa chini.

Ulikuwa unatafuta Mzaramo, umempata. Ndiye mimi, wa Maneromango, Shinyanga nimeletwa na ndoa. Kwa hiyo leo nakukaripia ingawa una umri wa mama yangu, na huna pa kunishtaki. Ni Msukuma peke yake anayeweza kuuza ng'ombe akanunua gari la kumwahisha mzazi hospitali, kisha akagombana na mlango wake.

Pole, nasema kwa moyo. Mama mkwe wa kuuza ng'ombe kwa ajili ya mkamwana simwoni kila siku, na Violeth naye anajua hivyo, ndiyo maana hakukulaumu. Wabeja, kama mnavyosema kwenu. Shukrani zimeishia hapo.

Utani unaanza kwa kuulizana kwenu wapi. Wewe ulimuuliza Yasini gari limetembea umbali gani, ulikagua matairi, nina hakika ulipiga hata magoti ukachungulia chini, lakini mtu mwenyewe hukumuuliza kwao. Kofia si kabila, Bibi. Upole si kabila. Hilo la mnazi na kivuli chake nimelicheka mpaka chai yangu imepoa, kwa sababu lilikuwa langu mimi. Kwa Yasini lilikuwa tusi. Na mwano! Unajua kuliko mimi yowe hilo limewafanya nini watu. Wewe ulikuwa unacheka, yeye alikuwa anatazama fimbo.

Yasini naye nina neno naye, kwa sababu gazeti hili linafika mjini. Mwanangu, umekosewa, na mteja wako ameondoka kwa kosa lisilo lako. Lakini ufunguo ni sehemu ya gari, na gari umeshaliuza. Jina lako lidai, una haki. Ufunguo wa watu usiufanye kamba ya kumvutia bibi mzima. Kama ungejua ndani ya nyumba ile kuna mjamzito, naamini ungeupeleka mwenyewe. Sasa umejua.

Wewe Bibi usimngoje. Polisi usiende, utamwambia nini afande, kwamba nilimwitia mtu mwizi halafu akanuna? Sungusungu usiwataje kabisa, umeshawaita mara moja bila kazi. Simu usipige, kwenye simu una tabia ya kukata.

Nenda yadini kesho asubuhi, watu wakiwa wengi. Ngassa abaki nyumbani, usije ukapata mtu wa kumwambia washa gari twende. Pita kijiweni uwakusanye wale vijana wa bodaboda na wachoma mahindi, na yule fundi mtoe chini ya gari. Kisha sema kwa sauti ileile iliyowaita: "Yasini si mwizi. Nilimtania nikidhani ni mtani wangu, kumbe si mtani. Baba, unisamehe." Ukomee hapo. Usiongeze "lakini". Nawajua Wasukuma, "lakini" yenu ina mkia mrefu kuliko wa fahali. Wala usicheke ukiwa unasema, hata kama fundi atakuchekesha.

Unaogopa kwamba utajishusha. Siku ile ulisimama katikati ya yadi, mikono kichwani, unapiga yowe la uongo. Chini ya hapo hakuna, Bibi. Kuanzia hapo ni kupanda.

Halafu waombe hao bodaboda wafikishe habari Maganzo. Wanapeleka abiria huko kila siku, na kama habari ya mwizi ilifika bila nauli, hii nayo itafika. Yule mteja akirudi, heri. Asiporudi, ndugu zako wenye ng'ombe wanaotaka magari wapeleke kwa Yasini, na uwaonye mapema kwamba ni Mmanyema.

Ukimaliza kusema, nyoosha mkono uombe ufunguo wako. Asipokupa mbele ya watu hao, niambie, nitakuja mwenyewe nimejifunga kanga kiunoni, na hapo atamjua Mzaramo halisi.

Na ukishaupata, usiufunge kwenye pindo la kanga yako ukatembea nao sokoni. Ngassa usimpe, mfuko wake tumeshauona. Mpe Violeth mkononi. Uchungu ukimshika, atamwita Adam yeye mwenyewe na kuondoka, bila kungoja mumewe arudi Segese wala wewe umalize hasira.