Karibuni Kwenye Njaa Yetu

Jumanne, 8 Juni 1976
Kisomo cha watu wazima leo sikwenda. Tumepura uwele tangu asubuhi. Mgongo unauma. Kihenge kimejaa mpaka mdomoni. Zaina, mjukuu wangu, anapepeta na kuimba peke yake. Jumamosi wanakuja wakwe zake kutoka Tukuyu. Mchumba ni Ambakisye, fundi anayetuchimbia kisima hapa Mtinko, Singida. Anakula mno, lakini nampenda.

Jumamosi, 12 Juni
Wamefika, mama yake Ambakisye na mjomba wake. Nimechinja majogoo wawili. Ugali wa uwele, mlenda, asali. Nikawaambia tunavyosema wote hapa, kihenge kiwe kitupu au kimejaa: "Karibuni kwenye njaa yetu." Chakula hatukisifii. Nani ataita nzige kwa mdomo wake? Mama mtu akanitazama kwa huruma. Mjomba akaacha kula. Nikamsukumia paja: "Kula, baba, ni haya haya majani yetu." Akanawa. Zaina akanifinya. Mimi nikacheka.

Jumapili, 13 Juni
Wameondoka alfajiri. Nyama imebaki. Mgeni kubakiza nyama! Wanaringa na ndizi zao. Nimekasirika.

Ijumaa, 25 Juni
Ambakisye amekuja. "Shikamoo bibi," macho chini. Ameleta debe la sembe. Mama yake katuma, pamoja na neno: mwanawe haoi kwenye njaa, atakuja kulisha ukoo mzima.
Nikamshika mkono, nikamvuta mpaka kwenye kihenge. Tia mkono! Akatia mpaka begani. Uwele ukamwagika miguuni.
"Mama hatasadiki, bibi. Kwetu wote wanasema Singida ni njaa. Na wewe umemwambia mwenyewe."
Nani aliwaambia huko Tukuyu? Sisi. Vijana wetu wakienda kutafuta kazi, wakiulizwa kwao kukoje, wanacheka: kwetu njaa tu. Huko hakuna anayejua kuwa ni mzaha, acheke nao.
Zaina alikuwa mlangoni. Amesikia yote.
Nina uchungu. Mdomo wangu huu.

Jumatano, 30 Juni
Kisima kimekwisha kuchimbwa. Ambakisye amepanda lori la kurudi kwao, hakuja kuaga. Zaina haimbi. Debe la sembe liko pale pale, sijaligusa.
Jioni jirani alikuja kuazima ungo. Zaina akampa ungo na kigoda, akasema:
"Karibu kwenye njaa yetu, shangazi."
Jirani akacheka. Ungo akauweka chini, akakaa, akasubiri chakula. Nikasonga ugali.