Hodi ya Tatu kwa Baba Yetu, Fundi wa Milango

Mpendwa Baba, Stephen Kibiwott, Jumamosi hii mwaka unatimia tangu ututoke, na nyumba bado haijazoea.

Ulichonga milango Lamu miaka kumi na minane, kisha ukarudi kwetu Kapseret na mmoja juu ya lori, ukaupachika kwenye nyumba ya mbao na mabati. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Ukawaeleza bila kukasirika kwamba zamani huko pwani, mfanyabiashara wa vitambaa na pembe za ndovu alijulikana kwa mlango wake kabla hajafungua mdomo. Mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, ulisema, ni wa kuzuia mabaya yasiingie.

Ulikuwa mpole hata kwa ng'ombe mkaidi. Chai yako lazima iwe na iliki. Tulilalamika, na sasa tunaililia. Na hakuna aliyeingia bila kubisha, hata wewe kwako mwenyewe. Hodi tatu, kama ulivyozoea Lamu. Asipoitikiwa ya tatu, mtu huenda zake. Mama alikuitikia ya kwanza kila siku, saa kumi jioni.

Baba, tunajua unabisha. Baada ya mazishi ilikuwa hodi moja, saa kumi ileile, kwa sauti yako. Tangu Pasaka ni mbili. Tukifungua hatuoni mtu, ila maranda mabichi ya mbao kizingitini. Jirani yetu Wilson alisema, "Hiyo ni upepo tu, Mama Betty." Siku hizi hapiti upande wetu.

Tunaogopa. Mama hajaitika kwa sababu tumemsihi, lakini amekonda kwa kujizuia. "Nikinyamaza ya tatu, baba yenu ataenda kabisa," anasema. "Nikiitika, tutaenda pamoja. Mimi sijawahi kumwacha huyo mtu nje."

Jumamosi tutakuwa wote sebuleni, maana tunahisi siku hiyo utabisha ya tatu. Sisi watoto tumekubaliana kunyamaza, ingawa itatuuma sana. Mama amefua nguo yake ya kanisa na hajakubaliana na mtu.

Unakumbukwa na mkeo Hellen, watoto wako Betty, Kiprop na Purity, na mkweo Brian. Hatutakusahau maisha yetu yote. Tunakuomba kitu kimoja tu, Baba: ziishie mbili. Tubaki na Mama, nawe ubaki mlangoni.