Siku Mbili za Kumutisha

Siku ya kwanza ya juma, 4/3/2024
Gracien amevuta bangi tena — nyuma ya douche, pale tunaogea, asubuhi na mapema! Anasema bila ile hawezi kushuka mu shimo kuchimba mawe, moyo unamupiga. Miaka makumi mbili na tatu. Mudogo yangu mumoja tu, mama alimuacha mu mikono yangu mbele ya kufa.
Nimechoka. Nimeenda kuona Tata Kabasele, polisi mwenye tunasali naye. Nimemuomba amufunge siku mbili, amutishe, kisha amurudishe. Ameitika. Kanipa karatasi ya plainte, ya kumushitaki, nitie signature. Nimetia.

Siku ya pili ya juma, 5/3
Balimukamata hapa mu kiwanja. Mu mufuko kulikuwa kabangi kadogo, hakakujaza hata kifuniko cha chupa. Nililia sana mbele ya majirani. Mi! Muongo mukubwa.

Siku ya ine ya juma, 7/3
Nilivaa kitenge cha kanisa nikamuchukue. Tata Kabasele hakuniangalia mu macho. Dossier imeenda parquet, kwa waendesha mashitaka, anasema. Nikamuambia mi njo nilitia plainte, mi njo naitoa. Akasema bangi ni mambo ya État, ya serikali, haiko tena ya mutu na mudogo yake.

Siku ya sita, posho, 16/3
Boloko, gereza ya hapa. Kule, asiyeletewa chakula analala njaa. Nimepeleka bukari na sombe. Amekonda. Balala kwa zamu, anasema, nafasi haitoshi.
Anataka kujua nani alimuchongea. Anafikiri ni Dimitri, jirani yetu. Ameapa kutokula tena kitu cha mukono wa ule mutu, hata maji. Nilimuambia kula, bukari inapoa.
Nikimuambia ukweli, nani atamulisha?

Siku ya kwanza ya juma, 22/4
Kikohozi. Nilipeleka sirop, mulinzi akaionja kwanza. Jaji, hapana. Tarehe, hapana.
Ule mwenye aliiba moto, pikipiki ya mutu, balikamatwa siku moja na Gracien. Yeye ameshatoka. Jamani!

Siku ya ine ya juma, 9/5
Dimitri amenisalimia kwa bomba, akauliza habari ya Gracien. Amenibebea ndoo mpaka nyumbani. Haya imenila.

Siku ya ine ya juma, 23/5
Audience ni kesho, mbele ya jaji! Kisha siku makumi nane — juu ya kabangi ka kifuniko.
Mama Ndaya, mwandishi wa tribunal, amenieleza jinsi inaendeka. Jaji atasoma jina ya mwenye alitia plainte, sauti ya juu, na ule mutu atasimama mbele ya bote. Nimeuliza kama wanaweza kuruka ile. Hapana.
Saa sita nimepeleka bukari ya mwisho, pengine. Gracien amekula yote. Kwa mara ya kwanza amecheka, meno yote inje.
"Yaya, mukubwa yangu, kesho ukae banc ya mbele kabisa," akasema. "Nikuone. Nikikuona sitaogopa."
Nimemujibu ndiyo.
Nisipoenda, jina itasomwa tu, na yeye atakuwa ananitafuta kwa banc ya mbele. Nikienda —
Kitenge iko juu ya meza. Makaa ya pasi imeshika moto. Bado sijaanza kupasi.