Mshale Mfupi Kwenye Nne

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi bado kitandani, nyonga imevunjika. Chekechea yake ni sebule yake tu, watoto kumi na wanne, na mwalimu sasa ni mimi! Mimi niliyeishia darasa la nne. Kasema niwafundishe wakati — jana, leo, zamani. Na kila mtoto aeleze kwao wanaishije.
Nikauliza zamani ni lini. Mtoto wa kinyozi kajibu: wakati babu ana meno.
Saa ya ukutani ikanishinda. Mshale mfupi uko kwenye kumi, mimi nasema saa nne. Wananitazama kama nimerukwa na akili. Nikaishusha, nikaizungusha mishale. Sasa mshale unakaa kwenye namba tunayoitamka. Wakaelewa papo hapo, wote! Shangazi kawasikia toka chumbani. Kaniita mwalimu. Masikio yaliniwaka kwa haya.

Jumanne, 4 Machi
Kaja mtoto mgeni, wa kike, miaka mitano. Juzi tu wamehamia. Mama yake anafagia ofisi, lugha yetu anaibahatisha. Kaniambia atamfuata saa kumi. Halafu kamwinulia mwanawe vidole vinne, akamwonyesha saa. Vinne vya nini? Nilitaka kuuliza. Mdomo ukagoma.
Mtoto kawafundisha wenzake salamu ya kwao. Kutwa wanasalimiana hivyo, hata mimi.
Ila saa nne kabeba begi, kasimama mlangoni. Kalia mpaka chai ikapoa. Mama kaja saa kumi kamili, anahema.

Jumatano, 5 Machi
Tena! Saa nne, begi, mlangoni. Nikambeba. Mtoto wa kinyozi: mwalimu, kwani hapa jela?
Mama kaja kumi kamili. Huyu hachelewi hata dakika. Asubuhi alionyesha vidole vinne tena. Nilimwamkia nikiangalia viatu vyake. Kesho namuuliza. Kesho kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Hayupo.
Sikuuliza. Mama alikuwa na haraka, nami nikashukuru ana haraka.
Shangazi aliniita nimgeuze ubavu. Dakika tano, hazizidi. Kurudi — mlango wazi, begi hakuna. Mtoto wa kinyozi ndiye kanieleza: alisema mshale ukifika nne mama anakuja. Ukafika. Tukamwambia mbona haji. Akasema labda kapotea, akaenda kumwonyesha njia.
Kumwonyesha njia!
Hapo ndipo nikaviona vile vidole. Kwao wanasoma namba ilivyoandikwa. Nne yao ni kumi yetu. Na saa nimeizungusha mimi, kwa mikono hii, nikajiona profesa.
Nimekimbia mpaka barabara kubwa. Kinyozi kafunga duka anatafuta. Fundi cherehani kaenda polisi. Mama hana simu, na ofisi anayofagia hakuna anayeijua — nalo sikuuliza. Watoto wengine wamechukuliwa wote. Nimeambiwa nikae hapa, huenda akarudi mwenyewe.
Shangazi anaita: mwanangu, kapatikana? Mara ya ngapi sijui. Haniiti mwalimu tena.
Nilipanda kiti niirudishe saa ilivyokuwa. Nikashuka. Nitamwambia nini mama yake, kwa lugha gani? Nitamwinulia vidole vingapi?
Kumi kasoro dakika mbili. Mama yake hachelewi.
Geti linalia. Nasikiliza nyayo.
Ni za mtu mzima mmoja, anahema.