Ribiti za Kitinda Mimba

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Nguo za mkubwa zianuliwe kabla ya mvua.

Drili usiitafute. ~~Nimeitupa.~~ Nimeondoka nayo.

Asubuhi nilikupayukia mbele ya mkaguzi wa ndege yetu tunayoiunda, nisamehe. Nilimsikia: mstari ule wa ribiti, vipini vya kushikia bati la bawa, umekwenda upogo, zote zitobolewe na drili zitoke. Lakini aliyezigonga ni kitinda mimba wetu, wiki moja kabla hatujamzika. Ulimwona anakosea, ukacheka, ukamwachia. Leo unasema "natoboa tu," kama unatoboa debe!

Ningoje jioni. Wewe utatoboa, mimi nitashika taa. Zikitoka tuzitie koponi, na kopo tulifunge mkanda kwenye kiti cha nne cha ndege. Ni chake.

Mama wa wawili