Mtaro Mliouchimba Mlangoni kwa Gidamis

Bibi Kornelia, shikamoo. Naomba unisaidie maana Jumamosi inakuja. Mume wangu Gidamis, aliyekuwa anaswaga ng'ombe kutoka hapa Balangdalalu hadi Katesh bila kukaa chini, sasa akifika mlangoni miguu inaganda, mwili unataka kwenda na miguu haitaki, ukimvuta anaanguka. Shemeji yangu Hhando akasema kuna kitu kimefukiwa, wakachimba mtaro pale mlangoni, wakapata mfupa, na kweli bibi, siku ile ile mzee akauvuka mtaro mwenyewe akaenda mpaka zizini, wiki nzima akawa anatoka vizuri, tulipoufukia mtaro akaganda tena. Sasa Hhando anasema aliyefukia mfupa ni Doris, mke wa mwanangu, kwa kuwa ametoka kijiji cha Daudi na kwao hatukujui, na kwamba amefukia mfupa mwingine, na Jumamosi wazee wanakaa ili wamrudishe kwao. Doris huyo ndiye anayempikia mzee uji. Nakuungamia, bibi: daktari alishaniambia ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo, akatupa vidonge, Hhando akavikataza, nami nikaficha karatasi ya hospitali chini ya godoro nikanyamaza. Nifanyeje?

Marieta, Balangdalalu

Marahaba, Marieta. Mimi darasani sikuingia. Barua yako nimesomewa mara mbili, na ya pili nilikasirika zaidi. Mfupa! Kwenye boma la wafugaji chimba popote, utapata mfupa. Mngeukosa ndipo ningeshangaa.

Marehemu mume wangu alikuwa na ugonjwa huo huo. Nilidhani ni ukaidi. Nikamwambia, "We mzee, toka, ng'ombe wako kwenye mahindi yako!" nikamvuta mkono. Akavunjika nyonga, hakusimama tena. Kwa hiyo usidhani nakusema nikiwa msafi.

Sikia sasa. Gidamis hakuvuka kwa sababu mfupa umetoka. Alivuka kwa sababu aliuona mtaro. Miguu ya mgonjwa huyu inakwama kwenye sakafu tupu, lakini ikiona kitu cha kuvuka, mara nyingi inanyanyuka. Muuguzi alinifundisha hilo mume wangu akiwa kitandani tayari. Mimi nilichelewa. Wewe bado.

Msichimbe tena, atavunjika. Chora mstari wa chokaa mlangoni. Akiganda, usimvute, wala msimsemeshe watu watatu kwa pamoja. Asimame, apumue, auangalie mstari, ndipo ainue mguu. Ziko siku mstari nao utashindwa. Siku hizo si kosa la mtu. Na mrudishe kwa daktari, aseme yeye vidonge vianzeje upya.

Jumamosi toa karatasi mbele ya wazee. Useme wewe, si mwanao: "Nilijua, nikaficha." Utaona aibu, mwanangu. Ione. Doris ameshaibeba yako siku nyingi.

Kisha chora mstari wazee wakiona, umwite mumeo. Akivuka, watajifunza. Asipovuka, karatasi bado ipo mkononi mwako, usikae chini.

Na siku hiyo Doris asijifiche jikoni. Asimame karibu yako. Chokaa ashike yeye.